Sakiti Breka Haimlindi Mtu Aliye Ndani ya Jakuzi

Katika nyumba za zamani za Arusha zenye jakuzi, hasa zilizokwisha kubadili wamiliki, watu wengi huamini kwamba maadamu sakiti breka ipo, umeme ukivuja utakatika wenyewe. Imani hiyo si sahihi. Breka ya ampea 32 huwekwa ili waya usiungue kwa mzigo mkubwa au shoti, ilhali miliampea 30 tu, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya kiwango hicho, zikipita kifuani zinaweza kuhatarisha maisha, na ngozi iliyolowa huupa umeme njia nyepesi.

Kinachomlinda muogaji ni RCD ya miliampea 30, yaani swichi ya usalama ambayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi na kuukata pindi tofauti inapojitokeza, ishara kwamba unavuja, pamoja na waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) ulio mzima. Katika jakuzi kuukuu, hita ndiyo ya kushukiwa kwanza: maji ambayo pH yake (kipimo cha asidi) imeshuka chini ya 7.2 kwa muda mrefu hula ganda la chuma la hita, unyevu ukapenya na umeme ukaanza kuvuja. Kupima maji, kwa hiyo, si suala la usafi peke yake.

Kitufe cha majaribio cha RCD kibonyezwe kila mwezi; isipokata, jakuzi lizimwe kwenye meinswichi mpaka fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, alikague. RCD inayokata mara kwa mara isirukwe kwa kuunga waya moja kwa moja, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi ili mteja aoge jioni hiyohiyo.