Insulini haili vitamini za mtoto

Nimeisikia tena: "Dawa za sukari zinakula vitamini, kwa hiyo nimempumzisha mtoto sindano siku mbili, nampa kwanza dawa ya maji ya vitamini." Basi leo niandike, nikiambiwa tena nitume kiungo tu.

Swali la kwanza ni: dawa gani? Watoto wengi wenye kisukari hapa kwetu wana aina ya kwanza na wanachoma insulini. Insulini ni homoni. Haizuii vitamini B12 kufyonzwa, wala foliki (vitamini ya kuongeza damu), wala vitamini D. Ukimnyima mtoto huyo insulini, humpumzishi. Mwili unaanza kuvunja mafuta, ketoni (asidi zitokanazo na mafuta hayo) zinajaa kwenye damu, na ndani ya siku moja, pengine saa chache, anatapika, anahema kwa kina na haraka, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo ni hospitali, si duka la dawa. Na mtoto wa aina ya kwanza akikutwa kweli amepungukiwa B12 au chuma, tafuteni ugonjwa mwingine: siliaki (utumbo kuumizwa na ngano), au kinga ya mwili inayoshambulia na tumbo lake. Sindano ya insulini msiisingizie wala msiikatishe.

Yenye kesi ya kujibu ni metformini, vidonge vya kushusha sukari. Hiyo hupewa watoto wa miaka 10 na kuendelea wenye aina ya pili, kwa kawaida kuanzia miligramu 500 pamoja na chakula, bila kuvuka 2,000 kwa siku. B12 ina safari ndefu: tumboni inashikwa na protini maalumu, inafika mwisho wa utumbo mwembamba, na pale inapokelewa kwa msaada wa kalsiamu. Metformini inaonekana kuvuruga mapokezi hayo. Nimesema "inaonekana" makusudi, maana wapo wanaotaja pia bakteria wa utumbo na nyongo, na vitabu huchagua maelezo moja kana kwamba hukumu imeshatolewa.

Lakini ini lina akiba, na akiba hiyo haiishi kwa mwezi. Mtoto aliyeanza vidonge juzi na leo amechoka, msiisingizie B12; angalieni sukari yenyewe, minyoo, chuma, usingizi. Wasiwasi wangu uko kwa aliyemeza dozi kubwa kwa miaka, hasa kama hali nyama, dagaa, mayai wala maziwa. Mchicha na maharage havina B12, hata upike sufuria nzima.

Sasa kinachoniudhi kuliko vyote: vitamini za kubahatisha. Geuza chupa usome. Usipoona Cyanocobalamin au jina jingine linaloishia na "cobalamin", chupa hiyo haihusiani na tatizo hili. Ukiona Sucrose, umemnunulia sukari. Foliki ndiyo mbaya zaidi ikitolewa peke yake. Inarekebisha damu, chembe nyekundu zinarudi ukubwa wa kawaida, kila mtu anafurahi, huku neva zikiendelea kuharibika kwa kukosa B12, kwa ganzi au miguu kuwaka moto. Mtoto mwenye selimundu anayemeza foliki kila siku pamoja na metformini msimtathmini kwa wingi wa damu peke yake. Zile sindano nyekundu za mchanganyiko wa B nazo si maji ya baraka: vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi ileile mnayoitibu.

Pimeni B12 kabla ya kutibu. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka, na hapo kipimo cha asidi ya methilmaloniki (hupanda B12 ikipungua mwilini) husaidia, kama maabara inacho. Mipaka hii imetokana zaidi na damu za watu wazima, kwa hiyo mtoto mwenye 230 na miguu inayowaka moto simwambii yuko salama. Kidonge cha B12 cha mikrogramu 1,000 si kichaa, ingawa mahitaji ya kijana ni 2.4 tu kwa siku: takriban asilimia moja hupenya yenyewe bila kupitia yale mapokezi ya utumbo, nayo inatosha. Mwenye dalili za neva anahitaji sindano ya B12. Metformini haikatwi kwa sababu hiyo peke yake.

Kuna mtego mmoja zaidi. Upungufu wa B12 hufanya chembe nyekundu zilizopo ziwe za umri mkubwa, zimekaa na sukari muda mrefu, hivyo HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) inasoma juu kuliko ukweli. Daktari anaongeza metformini, B12 inazidi kushuka. Ukianza matibabu, chembe changa zinamiminika na HbA1c inashuka bila sukari kubadilika. Kwa hiyo kwenye kadi ya mtoto, pembeni ya HbA1c, andikeni tarehe B12 ilipoanza, na kwa miezi mitatu inayofuata muamini zaidi vipimo vya kidole.