Mfumo Uko Orofa ya Ngapi?

Majuzi mama mmoja alipanda ngazi hadi ofisini kwetu hapa Kisumu, akaketi, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametoka Nyakach alfajiri. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, barua ya chifu, nakala ya hatimiliki ya shamba, na kipande cha karatasi chenye nambari ya kesi iliyoandikwa kwa kalamu.

“Mwanangu,” akaniambia, “nimeenda kortini mara tatu. Kila nikienda naambiwa kesi iko kwa mfumo. Huo mfumo uko orofa ya ngapi?”

Sikucheka. Mimi ni karani wa wakili, kazi yangu kutwa ni kuwasilisha nyaraka kortini, na nimeulizwa maswali mabovu kuliko hilo na watu wenye digrii.

Nikaitazama ile nambari. Mbele ya tarakimu palikuwa na herufi E. Ukiona hiyo E, jua kesi ilizaliwa ndani ya kompyuta, kwenye huo mfumo wa Mahakama wa kuwasilisha kesi kwa mtandao. Kuiulizia faili yake kwenye rafu za masjala ni kujichosha.

Wasomaji wangu vijana hawajui tulikotoka, kwa hivyo niwaeleze kidogo. Ulikuwa unapiga chapa nyaraka nakala kadhaa, unazipeleka masjala zikadiriwe ada, unakwenda benki kupanga foleni, unarudi na risiti, unagongewa muhuri, kisha karani wa korti anaandika kesi yako kwenye daftari kubwa kama la msikitini na kukupa nambari. Siku nzima imeisha. Halafu inaanza shughuli yenyewe, yaani faili. Aliyeshika faili ndiye aliyeshika kesi. Nimewahi kufika kortini na mashahidi watatu niliowalipia nauli kutoka Siaya, hakimu akaita kesi yetu, karani akainuka na kusema faili haionekani. Tukapewa tarehe nyingine, miezi mitatu mbele. Mashahidi wakarudi, mmoja hakuja tena kamwe. Faili ikipotea kabisa ilibidi uombe kufunguliwa faili ya muda, ukusanye nakala kutoka kwa mpinzani wako, naye kama anafurahia kuchelewa hana haraka ya kukusaidia. Na wakati mwingine faili haikuwa imepotea. Ilikuwa imetembea tu, ikingoja mtu anywe chai.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya Korona. Machi 2020 mahakama zilipunguza shughuli zake, na tarehe 1 Julai mwaka huo Jaji Mkuu David Maraga akazindua uwasilishaji wa kesi kwa mtandao katika mahakama za Nairobi. Sisi wa huku tuliendelea kubeba makaratasi huku tukiwaonea wivu wenzetu. Machi 2024, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, mfumo ukatangazwa kwa mahakama zote nchini.

Sasa kazi iko hivi. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya Mahakama, ama kama wakili ama kama mwananchi wa kawaida anayejisimamia. Unachagua korti na aina ya kesi, unapakia nyaraka zikiwa PDF, unaoneshwa ada, unalipa kwa simu. Masjala wanakagua, nyaraka zinapata muhuri wa kielektroniki, unapewa nambari yenye ile E. Nimewahi kuwasilisha ombi la dharura saa nne usiku nikiwa nimevaa kandambili, na umeme ulipopotea nikamalizia kwa bando la simu.

Sitamani kurudi nyuma hata kidogo. Tazama Mahakama ya Madai Madogo, ile ya madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe. Siku 60, kwa zile faili za kutembea? Ungekuwa mzaha.

Hata kumkabidhi mtu hati za korti kumebadilika. Tangu 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu barua-pepe na hata WhatsApp, mradi utume kwa nambari ambayo mhusika anaitumia, kisha uape kwa hati ya kiapo na kuambatanisha uthibitisho kwamba ujumbe ulifika. Zile tiki mbili zina uzito kortini. Wadeni wanaosoma hapa, kutofungua ujumbe hakukusaidii.

Kuhusu vikao vya video sina mengi. Vinaokoa nauli. Zima maikrofoni yako, maana jogoo wa jirani yako tumeshamsikia vya kutosha, na usihudhurie ukiwa juu ya bodaboda.

Linaloniuma ni lile lililomleta mama wa Nyakach. Tulipoondoa faili kwenye rafu tulidhani yule mlinda mlango aliyeshika kesi za watu ameondoka. Alihamia saiba, yaani duka la intaneti.

Huyu mama alipoambiwa afungue kesi ya mirathi, alikwenda kwa kijana wa saiba karibu na soko. Kijana akafanya kazi nzuri, sina la kumlaumu: akajaza fomu, akaskani, akalipia. Ila akaunti ilitaka barua-pepe na nambari ya simu, mama ana kabambe, simu ya vibonye isiyo na intaneti, na hana barua-pepe, basi kijana akaweka zake. Kesi hukaa chini ya akaunti iliyoiwasilisha, na ujumbe wote huenda huko. Kijana akafunga duka, akahamia Eldoret. Kesi ikahama naye.

Tulimpata kwa simu kupitia wakala wa M-Pesa aliyekuwa jirani yake. Akacheka kwa aibu, akasema ana kesi za watu wengi kwenye ile barua-pepe, akatutumia neno la siri. Tukaingia. Ujumbe wa masjala ulikuwa pale, una miezi saba: fomu P&A 38 haipo, yaani ridhaa ya warithi wengine kwamba mama apewe usimamizi wa mali. Karatasi moja. Bila hiyo ombi halisongi hadi kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na zile siku 30 za kungoja mwenye pingamizi haziwezi hata kuanza kuhesabiwa. Miezi saba jirani akilima kipande cha shamba la marehemu, kwa sababu ya karatasi moja ambayo hakuna aliyemwambia.

Kwa hivyo ukienda saiba, au hata kwa wakili, kabla hujalipa uliza akaunti imeandikishwa kwa barua-pepe ya nani. Kama huna, fungua yako papo hapo, na kama simu yako haina intaneti tumia ya mwanao unayemwamini. Hakikisha majina yako yako sawa na kitambulisho, herufi kwa herufi. Atieno akiandikwa Atyeno mahali pamoja, utaapa viapo hadi uchoke. Na usiondoke bila kunakili nambari yote ya kesi, E ikiwemo.

Mwanawe mkubwa, mrithi aliyetakiwa kutia sahihi, yuko Mombasa. Tulimtumia fomu kwa WhatsApp, akaitia sahihi mbele ya shahidi, akairudisha jioni ile ile. Nikaipakia. Kisha nikamfungulia mama barua-pepe kwa simu ya mjukuu wake aliye kidato cha tatu, tuitumie kuanzia sasa, nikaichukua ile bahasha ya kaki ili nimwandikie anwani mgongoni.

“Andika kwa herufi kubwa,” akasema. “Miwani nimeiacha nyumbani.”