Hasara ya Kiingereza huwa "nzito": dhana potofu kuhusu maneno ya matokeo mabaya

Kusi ilipokaza mwezi wa Juni, kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, aliniletea barua ya Kiingereza aliyoandika kwa niaba ya wavuvi ambao mashua zao mbili zilipigwa na mawimbi hadi mbao zikaachia, na majarife yao yakapotea. Alikuwa ameandika "we got big losses" na "big damage". Sarufi haikuwa na dosari ya kutajika, lakini Mwingereza angesema "suffered heavy losses" na "severe damage", na kijana akauliza, kwa haki kabisa, kosa liko wapi ikiwa maana imefika.

Swali hilo linatokana na dhana iliyoenea kwamba anayejua maana ya kila neno peke yake anaweza kuyaoanisha atakavyo. Ukweli ni kwamba maneno huandamana kwa mazoea, na mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alishikilia mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wenziwe. Sisi wenyewe tunalijua jambo hili bila kufundishwa: kwetu jua ni kali, kisu ni kikali, mwalimu ni mkali na maumivu ni makali, ilhali Kiingereza hulipa jua "hot", kisu "sharp", mwalimu "strict" na maumivu "severe". Zipo chache zinazokutana, kwa mfano "bitter disappointment", ambayo haiko mbali na uchungu wetu wa kukosa, lakini hizo ni bahati tu, na mwanafunzi asizitegemee.

Dhana ya pili ina madhara zaidi, nayo ni kwamba "negative result" ni matokeo mabaya. Nimemwona mama mmoja kwenye benchi la zahanati, karatasi ya kipimo cha malaria mkononi, akisoma neno hilo na kuanza kumpepea mwanawe kwa wasiwasi, wakati maana yake ilikuwa kwamba vimelea havikuonekana katika damu. Katika vipimo, neno hilo hueleza kwamba kinachotafutwa hakikupatikana; habari ikiwa njema au mbaya hutegemea kilichokuwa kikitafutwa. Matokeo ya mtihani yasiyoridhisha huitwa "poor results", na yakiwa chini ya matarajio huitwa "disappointing results".

Wengine huchukulia kwamba "side effects" ni madhara tu. Ni athari yoyote ya dawa isiyokusudiwa: minoxidil ilikuwa dawa ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele, na sasa hupakwa kichwani kutibu upara. Athari iliyo mbaya kwa maana yake yenyewe ni "adverse effect".

Ipo pia dhana kwamba vitenzi haviegemei upande wowote. Mwaka 1995 Michael Stubbs alichunguza kitenzi "cause" katika hazina kubwa ya matini, akaonyesha kwamba mara nyingi mno huandamana na mabaya kama vile matatizo na uharibifu. Kiswahili nacho kina tabia hiyo, kwani kusababisha tumekizoea pamoja na ajali, vifo na hasara, na harusi kwa kawaida huleta furaha, ni nadra kusikia kwamba imeisababisha. Na anayekumbwa na jambo hatumtarajii kukumbwa na heri.

Kuna, hatimaye, wanaoamini kwamba neno zito ndilo fasaha. "Dire consequences" ni onyo la maafa, na aliyechelewa boti ya Mokowe hajafika huko. Kijana wangu alikuwa ametia "disastrous" mbele ya karibu kila nomino. Tuliifuta popote ilipokuwa, tukabakisha "heavy losses" na "severe damage", kwa kuwa mashua zote mbili zilikuwa zimeshapandishwa pwani zikimsubiri fundi.