Kipimo cha usingizi wa mchana na yale yanayokiharibu

Wagonjwa wanaotufikia hapa Lubumbashi wakilalamikia usingizi wa mchana, wengi wao wakiwa madereva wa malori ya njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na wafanyakazi wa zamu za usiku migodini, huomba kwanza karatasi ya kumwonyesha mwajiri kwamba wao ni wazima. Kipimo hiki hakitoi karatasi ya namna hiyo. Kinachopimwa ni muda ambao mtu huchukua kusinzia akiwa kitandani, katika chumba chenye giza na kimya, bila kuzuiwa kulala.

Kazi huanza usiku wa kuamkia siku ya kipimo, ambapo mgonjwa hulala maabarani huku mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho, pumzi na mapigo ya moyo vikirekodiwa, kwa sababu anayekoroma na kukatikiwa pumzi usiku kucha huweza kusinzia mchana. Na asipopata walau saa 6 za usingizi, matokeo ya kesho yake hayaaminiki. Saa moja na nusu hadi saa 3 baada ya kuamka hupewa nafasi ya kwanza ya kulala, kisha nyingine kila baada ya saa 2, kwa kawaida hadi zitimie 5. Asiposinzia ndani ya dakika 20, nafasi hiyo hufungwa. Akisinzia, huachwa dakika 15 zaidi ili ionekane kama usingizi wa ndoto unaingia mapema. Kati ya nafasi hizo hakuna kulala. Mgonjwa mmoja alijifunika koti kwenye kiti cha barazani baada ya nafasi ya 2, akapitiwa kwa nusu saa, na kipimo chote kikafutwa.

Wastani wa muda wa kusinzia wa dakika 8 au pungufu, pamoja na usingizi wa ndoto kuingia mapema mara 2 au zaidi, huelekeza kwenye narkolepsia, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu azidiwe na usingizi mchana, hasa kwa mtu ambaye magoti humlegea anapocheka.

Tumeshaeleza mara nyingi, na tunarudia: wiki 1 hadi 2 kabla ya kipimo, mgonjwa aandike kila siku saa ya kulala na ya kuamka, wala asituandikie saa za kutufurahisha. Baadhi ya dawa, hasa za sonona, husimamishwa takriban wiki 2 kabla, kwa maagizo ya daktari aliyeziandika tu. Siku ya kipimo hakuna kahawa, na sigara huachwa dakika 30 kabla ya kila nafasi. Mkojo unaweza kupimwa, hivyo kuficha dawa hakufai kitu.

Wapo wanaodhani tunatafuta malale. Malale huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, navyo hutafutwa katika damu, katika maji ya tezi za shingo na ya uti wa mgongo, si kwa kumlaza mtu mchana.

Dereva anayesinzia asishike usukani wakati akisubiri majibu. Siku ya kuonana na daktari aje na mtu wanayelala naye chumba kimoja, kwa kuwa anayekoroma hajisikii.