Saruji si dawa ya ukuta wa matumbawe

Katika nyumba kongwe za Mji wa Kale, Mombasa, plasta ikibambuka chini ya ukuta, mwenyewe hununua mfuko wa saruji na kushika mwiko. Anaamini saruji, kwa kuwa ni ngumu kuliko chokaa, itauponya ukuta. Ugumu huo ndio unaouumiza.

Jiwe la matumbawe hufyonza maji ya ardhini yenye chumvi. Chokaa ina vitundu, kwa hiyo unyevu hupita ukakauka nje. Ukiuziba kwa saruji, maji hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Ikianguka huondoka na nyama ya jiwe, na ncha za boriti zilizomo ukutani huanza kuoza. Inauma kuona hivyo, maana Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593 kwa matumbawe na chokaa, ingali imesimama.

Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: mfereji wa paa, bomba. Kisha kwangua, upake chokaa na mchanga usio wa pwani, tabaka nyembamba, ukiunyunyizia maji siku kadhaa. Vaa glavu na miwani. Chokaa huunguza macho.