Samaki uliyemvua mwenyewe: hesabu ya mafuta ndiyo yenye kazi

Anayejivulia samaki na kuandika kila anachokula hukwama palepale: samaki hana lebo. Kazi yangu ni kupima virutubisho vya vyakula, na ushauri wangu wa kwanza hauna ujanja wowote. Pima mnofu, usipime samaki mzima. Kichwa, matumbo, mifupa na mapezi huchukua sehemu kubwa ya uzito, na kwa samaki wengi mnofu unaobaki ni kuanzia theluthi moja hadi nusu ya uzito huo. Perege wa gramu 1,200 anaweza kukupa gramu 480 tu za mnofu. Kwa kuwa gramu 100 za perege mbichi zina takriban kalori 96 na gramu 20 za protini, umekula kalori 460 hivi. Ukiandika uzito wa samaki mzima, programu ya simu itakwambia zaidi ya 1,150.

Pima mnofu ukiwa mbichi, kisha tumia mstari wa samaki mbichi kwenye jedwali la virutubisho vya vyakula. Samaki akichomwa hupoteza maji, mara nyingi robo ya uzito wake au karibu na hapo, na ukichanganya uzito wa aliyeiva na takwimu za mbichi hesabu inaharibika. Ukikaanga, mafuta ya kikaangoni ni hesabu yake peke yake.

Protini haisumbui. Kwa samaki wengi wenye mapezi ni gramu 17 hadi 22 kwa kila gramu 100 za mnofu, na wanga karibu haupo. Kinachopanda na kushuka ni mafuta. Samoni wa Atlantiki aliyevuliwa porini ameandikwa gramu 6 za mafuta kwenye majedwali ya Marekani, na yule wa kufugwa 13, ilhali ni spishi ileile. Heringi anaweza kuwa na mafuta kidogo sana baada ya kutaga, halafu akazidi asilimia 15 akishashiba msimu mzima. Jedwali linakupa wastani, nawe umevua samaki mmoja, wa mwezi mmoja, wa maji fulani.

Hapa ndipo penye utamu. Kwenye mnofu wa samaki, mafuta yakiongezeka maji hupungua, na asilimia zake mbili zikijumlishwa hukaribia 80. Kwa hiyo ukijua maji, umekaribia kuyajua mafuta. Saga upande mzima wa mnofu, kwa sababu tumboni kuna mafuta kuliko mkiani na kipande kimoja kitakudanganya. Weka gramu 100 kwenye bakuli pana, pima pamoja na bakuli, kisha kausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena. Usimwage mafuta yaliyochuruzika. Nayo ni sehemu ya kipimo. Zikipotea gramu 70, mafuta ni kama 10. Zidisha kwa 9, yaani kalori za kila gramu ya mafuta, ongeza protini, tuseme gramu 19, mara 4, yaani kalori za kila gramu ya protini, unapata kalori 166 kwa gramu 100. Kwa samaki ambaye kwa asili hana mafuta mengi, chini ya asilimia 2, usijisumbue: kosa la kipimo litakuwa kubwa kuliko mafuta yenyewe, na jedwali linatosha.

Asiyetaka kuwasha oveni apime unene. Zidisha urefu wa sentimita kwa urefu, kisha kwa urefu tena; gawanya uzito wa gramu kwa jibu hilo, kisha zidisha kwa 100. Samaki wa sentimita 40 na gramu 640 anapata 1.0, mwenzake wa urefu uleule mwenye gramu 830 anapata 1.3, na huenda ana akiba zaidi ya mafuta. Linganisha spishi moja tu, tena baada ya kutoa matumbo, maana mayai na tumbo lililojaa hupandisha namba bure.

Vitamini D, iodini na seleniamu ziachie jedwali, jikoni hazipimiki.

Kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, andika pia urefu na mahali ulipowavua. Zebaki hujikusanya kadiri wanavyozeeka, hushikamana na protini ya nyama, na kuchuna ngozi au kupika hakuiondoi. Sumu za viwandani aina ya PCB hukaa kwenye mafuta, hivyo kukata ngozi na nyama ya tumbo huzipunguza. Ukifanya hivyo, kata kabla ya kusaga ule mnofu wa kupima, la sivyo utaandika mafuta ambayo hukuyala.