Kigunduzi cha Eksirei Si Kamera ya Simu

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mtu wa kazi yetu hii hii, kama kigunduzi kipya tunachokusudia kununua, yaani bamba linalopokea eksirei zilizopita mwilini na kuzigeuza picha, kina pikseli ngapi. Hakuuliza kingine. Swali hilo limezaliwa kwenye matangazo ya simu, na lingebaki huko huko.

Fotoni za eksirei, yaani chembechembe za mionzi hiyo, huanguka kwenye kigunduzi kama rasharasha, bila mpangilio. Pikseli iliyopokea wastani wa fotoni 100 hupungukiwa au kuzidishiwa takribani 10, yaani asilimia 10. Iliyopokea 10,000 hubadilika kwa asilimia 1 tu. Sasa punguza upana wa pikseli kutoka mikromita 150 hadi 100: eneo lake linabaki asilimia 44 ya lile la awali, na fotoni zake vilevile. Ukikuza picha ya kiuno ya ubavuni iliyopigwa hivyo kwa dozi ileile ya mionzi, kila pikseli inaonyesha chengachenga zaidi. Atakayezifuta kwa kuongeza dozi anamlipisha mgonjwa gharama ya pikseli ambazo hakuziomba.

Linaloniudhi zaidi ni kusahauliwa kwa tabaka lililo juu ya pikseli. Katika vigunduzi vingi, eksirei hugeuzwa kwanza kuwa mwanga. Tabaka la ungaunga wa oksisulfidi ya gadolini husambaza mwanga huo pembeni, na kila unapolinenepesha ili linase fotoni nyingi zaidi, picha hufifia kingo. Iodidi ya sesiamu huoteshwa kama sindano nyembamba zilizosimama wima, nazo huongoza mwanga kuelekea chini, hivyo tabaka linaweza kuwa nene bila kuharibu sana ukali wa picha. Hayo ndiyo maendeleo. Pikseli ndogo chini ya mwanga uliokwisha kutawanyika hukata ukungu uleule vipande vidogo zaidi.

Seleni, tabaka la aina nyingine, haihitaji mwanga kabisa, kwa kuwa eksirei huzalisha chaji ndani yake, nayo huvutwa moja kwa moja na umeme. Lakini fotoni zenye nguvu kubwa huipenya kirahisi, ndiyo maana imefaa zaidi katika picha za matiti. Vigunduzi vinavyohesabu fotoni mojamoja nitavieleza siku nyingine.

Kipimo cha kuuliza ni DQE, yaani jinsi kigunduzi kinavyozitumia vizuri fotoni zinazokifikia kutengeneza picha, na uulize ni kwa dozi ipi na kwa undani upi wa picha. Nakiri kwamba nacho hakinitoshelezi: hupimwa nyuma ya bamba la alumini, bila mgonjwa na bila mionzi inayotawanywa na mwili wake. Nimewahi kulinganisha vigunduzi viwili vyenye DQE zinazokaribiana, wasomaji wa picha wakapendelea kimoja waziwazi, nami nikashindwa kusema kama sababu ni kigunduzi chenyewe au programu ya kuchakata picha.

Yule aliyeniuliza nilimwomba aniletee mchoro wa DQE. Ameleta kipeperushi, idadi ya pikseli imo ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.